Wapagazi Wasio na Nyuso



Makala haya hayatoki Mombasa kama ilivyo ada. Nayaandika kutoka Lorugum, katika kaunti ya Turkana, magharibi ya mji wa Lodwar, si mbali na mto Turkwel. Mdogo wangu wa kiume ana duka hapa, na shule zilipofunga nilipanda basi hadi Nairobi, kisha Kitale, nikashuka milima kwa njia ya Marich, nikafika kwake nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nyumba yake ina watoto watatu, wa majirani hawana idadi, na siku za likizo ni nyingi. Wazazi kadhaa mmeuliza katika barua zenu ni vipi mtoto wa gredi za mwanzo atashughulishwa likizoni bila ya kukabidhiwa simu. Jibu la safu hii limepatikana huku, na lilianza kwa picha moja.

Mpwa wangu wa miaka saba alipewa kazi ya likizo: achore msafiri mvumbuzi. Akachora bwana mwenye kofia pana, darubini mkononi na viatu virefu, macho yake ya samawati, tabasamu hadi masikioni. Nyuma yake akapanga vijiti kumi na viwili, kila kijiti na kisanduku kichwani. Vijiti havikuwa na macho wala midomo. Nikamwuliza, "Na hawa ni nani?" Akanijibu bila ya kuinua kichwa, "Hao ni wapagazi tu, shangazi."

Neno hilo "tu" lilinichoma. Sikumgombeza, maana mtoto huchora alichoonyeshwa. Lakini nilijua kwamba vijiti vile vilikuwa babu zake.

Tukitazame kisa chenyewe, kwa kuwa kinaunganisha pwani yetu na nchi hii ya Turkana kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa mwaka 1887, kabaila mmoja wa Hungaria, Sámuel Teleki, pamoja na afisa wa jeshi la majini la Austria, Ludwig von Höhnel, waliondoka Pangani kuelekea bara. Machi 1888 wakalifikia ziwa kubwa, wakalipa jina la Rudolf, mrithi wa ufalme wa Austria, ambaye hakupata kuliona maishani mwake. Jina hilo lilibaki katika ramani hadi mwaka 1975, ziwa lilipoitwa Turkana. Vitabu vikasema wageni wale wamelivumbua. Nasi tunajua Kiswahili: kuvumbua ni kukitoa hadharani kitu kilichofichika. Maji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 hayafichiki, hasa kwa watu waliokuwa wakiyanywa, wakivua samaki wake na kuyaita kwa majina yao wenyewe.

Tena msafara ule haukuwa wa watu wawili. Ulikuwa na mamia ya watu, wengi wao wapagazi walioandikishwa Unguja na Pangani. Miongoni mwa waliouongoza alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, mtu aliyezijua njia za bara kwa miguu yake. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti aliyetaka kupita nchi ya Wamasai, naye alimtegemea Kimemeta huyu huyu. Safari ya Teleki ilikutwa na njaa, na baadhi ya wapagazi hawakurudi makwao. Höhnel aliandika kitabu na kuchora ramani, ndiyo maana jina lake limebaki. Wapagazi hawakuandika, ndiyo maana katika picha ya mpwa wangu hawana nyuso.

Sisemi kwamba misafara ya pwani ilikuwa na wema mtupu. Biashara ya pembe iliandamana na madhara makubwa, na baadhi ya wapagazi walikuwa watumwa waliokodishwa, sehemu ya ujira wao ikaenda kwa mabwana zao. Mtoto wa miaka saba aambiwe kwa kadiri ya umri wake, kwamba wako waliokwenda kwa hiari na wako waliolazimishwa. Hata hivyo, wa hiari na wa kulazimishwa wote walikuwa watu, na mtu hachorwi kama kijiti.

Basi tukaamua, mimi na wifi yangu, kwamba likizo hii watoto wa uani watakuwa wasafiri, nao watausafiri upya msafara ule kwa mikono. Nawapa hapa kazi tano tulizozifanya. Hazikuhitaji kununua kitu, na zinafanyika Lorugum, Kakuma, Lamu au Kisauni.

Ya kwanza ni mzigo. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 30. Mtoto haelewi kilo 30 kwa kuambiwa. Tukapanga dukani pakiti za unga za kilo mbili mbili, moja juu ya nyingine, hadi zikafika kumi na tano. Mpwa wangu akajaribu kuinua tano zikamshinda. Akauliza, "Walibeba hizi zote kutoka baharini hadi huku?" Nikamwambia ndiyo, na kwa miguu, jua likiwa hili hili. Akakaa kimya, akaitazama picha yake. Baada ya hapo kila mtoto alichagua mpagazi mmoja, akaamua mzigo wake ni nini (shanga, nguo za merikani, waya wa shaba, maji, chakula), akauchora mzigo huo upande wa ndani wa pakiti tupu ya unga. Karatasi ile ni imara, haina mistari, nayo hutupwa bure kila siku.

Ya pili ni rangi na brashi. Kandokando ya mto hapa umejaa mti ambao Waturkana huuita esekon. Watoto wa pwani waliuona kuwa ni mti mgeni hadi nilipowakatia kijiti na kuwaambia wakinuse. Wote wakapiga kelele: mswaki! Ndio ule ule tunaousugulia meno kwetu. Chukua kijiti cha urefu wa kiganja, ambua gome la ncha kwa kiasi cha pingili ya kidole, kiloweke usiku mmoja, kisha kitafune au kipondeponde kwa jiwe mpaka nyuzi zifunguke. Hiyo ni brashi, na haina bei. Rangi nyeusi hutoka kwa mkaa uliosagwa na kuchujwa kwa kitambaa cha leso kuukuu, nyekundu kwa udongo, na ya manjano kwa bizari ya jikoni. Ili rangi isipukutike karatasi ikikauka, huhitaji gundi ya mgunga, ambayo huku huokotwa mitini: kijiko kimoja cha gundi katika vijiko viwili vya maji ya vuguvugu, ikae hadi asubuhi. Wazee wenu mkiwauliza, watawaambia kwamba wino wa zamani wa vyuoni nao ulikuwa masizi na gundi. Mtoto akijua hilo, ataushika wino wake kwa heshima nyingine.

Ya tatu ni ramani. Hapa ndipo mwenyeji alipotupita sote. Niliwaambia watoto wachore mchangani, kwa kidole, njia ya kutoka nyumbani hadi kwenye maji. Watoto wetu walichora duka, barabara, msikiti na bomba, wakamaliza. Mtoto wa jirani, Mturkana wa miaka minane ambaye huandamana na mbuzi wa babu yake, alichuchumaa akachora kwa muda mrefu. Alionyesha laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, akaonyesha mahali ambapo mchanga ukichimbwa kwa mkono hutoa maji na mahali ambapo ukichimbwa hutoa mchanga zaidi. Aliweka miti mitatu ya vivuli vya kupumzikia, na jiwe ambalo kwalo mtu hugeuka. Nilimwuliza, "Nani amekufundisha?" Akasema, "Hakuna, mama. Ngakipi iko pale." Ngakipi ni maji kwa Kiturkana. Wenzake wakainakili ramani yake karatasini, wakamwuliza majina ya kila pahali, akawatajia moja moja nao wakayaandika kama walivyoyasikia.

Wakati wa kunakili, mmoja aliuliza kwa nini kusini kuwe chini. Nikafurahi kuulizwa. Mwaka 1154 mwanachuoni al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger wa Sisilia ramani ya ulimwengu uliojulikana, na katika ramani hiyo kusini iko juu. Igeuzeni karatasi, nikawaambia. Wakaigeuza, na mto ukawa ule ule, kisima kile kile. Juu na chini ya karatasi ni mapatano ya wachoraji. Aliyezoea kujiona yuko chini ya ramani anufaike kulijua hilo mapema.

Ya nne ni daftari la msafiri. Kunja karatasi nne katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, pitisha uzi wa cherehani, funga. Jalada ni kipande cha boksi la sabuni. Kiigizo chetu hapa ni Ibn Battuta, aliyetoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, na mwaka 1331 akapita pwani yetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini akaona kwamba chakula kikuu cha watu kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi. Mogadishu aliandika hadi vyakula alivyoandaliwa sinia kwa sinia. Karibu miaka 700 imepita, nasi tunajua wageni walilishwa nini. Siri yake ni kwamba alitazama vitu vidogo, akauliza, na akasema nani alimkirimu.

Kwa hiyo kila mtoto alipewa maswali matatu ya kwenda nayo kwa jirani: Mnakula nini? Mnajenga kwa nini? Mgeni akija mnamfanyia nini? Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, kubisha hodi, kumsalimia mwenyeji kwa lugha yake na kuomba ruhusa kabla ya kuchora chochote chake. Pili, kuandika jina la aliyejibu, mwenyewe akiridhia, ili ijulikane maarifa yametoka kwa nani. Mpwa wangu alirudi na mchoro wa kikapu cha majani ya mkoma. Bibi wa jirani anakisuka kama nyanya yake mzaa mama anavyosuka miyaa kule Siyu, ila mishono inakwenda upande mwingine. Alikuwa ameuchora mshono huo peke yake, mkubwa, ukurasa mzima. Huo ni uchunguzi wa kweli, na hakuna aliyemwamuru.

Ya tano ni sanduku la mchanga. Watoto wakubwa kidogo wanapenda kufukua, na nchi hii ndiyo mahali pake. Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kutambua visukuku, aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu kati ya kokoto zilizofanana nacho kwa rangi. Kutokana na kipande hicho kukapatikana mifupa karibu kamili ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, maarufu leo kama Mvulana wa Turkana. Kama mnatafuta msafiri mvumbuzi wa kumchora, huyo hapa, na alikuwa mwenyeji wa nchi yetu. Katika hili hata neno kuvumbua linatumika kwa haki, kwa sababu mfupa ule kweli ulikuwa umefichika.

Jaza beseni mchanga, zika ndani yake vigae vya chungu, mifupa ya kuku iliyochemshwa ikakauka, kombe moja la baharini ukiwa nalo. Tandaza nyuzi juu ya beseni ili uligawe katika miraba. Mtoto afukue kwa brashi yake ya mswaki, na sharti lenyewe ni hili: haruhusiwi kuondoa kitu kabla ya kukichora pale kilipolala. Mikono ya watoto ina pupa. Zoezi hili huifundisha kungoja.

Nitaje na tahadhari, kwa kuwa kazi ya mlezi ni hiyo. Huku jua la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri si la kuchezea, basi kazi za nje ziwe za alfajiri na jioni, na maji ya kunywa yawe karibu. Mawe yasigeuzwe kwa mkono mtupu, chini yake hulala nge. Na kwenye laga watoto wasiende bila ya mtu mzima anayezijua mvua za huko: anga huwa jeupe hapa, kumbe mvua imenyesha milimani, na maji hufika kwa ghafla.

Sasa nirudi kwenye nyuso. Siku ya nne tulitandaza karatasi ndefu ya pakiti zilizogundishwa, ili kila mtoto amweke mpagazi wake kwenye msafara. Mke wa mwalimu mmoja, mtu wa pwani kama sisi, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwetu, akanivuta kando kwa adabu. "Bi mkubwa," akasema, "sisi kwetu hatuchori viumbe vyenye roho kwa macho na midomo. Mwanangu atafanyaje?" Najua nyumba nyingi zinazosoma safu hii zina msimamo huo, na nyingine zina msimamo mwingine, nami si mwenye kutoa hukumu. Nikamwambia atupe rai yake. Akafikiri, akachukua kiganja cha mwanawe, akakipaka rangi ya udongo, akakigandamiza karatasini juu ya mzigo aliouchora. Kisha mtoto akaandika chini yake jina alilompa mpagazi wake, na mji aliotoka.

Watoto wengine walipoona, hakuna aliyetaka tena kuchora uso. Kila mmoja alitaka kiganja. Na hakika kiganja kilifaa zaidi, kwani hakuna viwili vinavyofanana, na mikono ndiyo iliyobeba. Vikawa viganja kumi na viwili, kila kimoja na mzigo, jina na mji: Pangani, Unguja, Tanga, Mombasa. Mpwa wangu alimweka bwana wa kofia naye kwenye msafara, kwa kiganja cha ukubwa ule ule, katikati ya wengine. Akamwandika jina lake sawasawa, maana yeye pia alisafiri na kuona njaa, na uadilifu hauwi uadilifu ukitolewa kwa upande mmoja.

Halafu akasita. Akauliza, "Shangazi, na aliyewaonyesha maji ni nani?" Sikuwa na jina la kumpa. Tukatazamana. Yule mtoto wa ramani ya mchangani hakungoja kuitwa. Alitumbukiza mkono wake katika rangi nyekundu, akaenda hadi mwanzo wa karatasi, mbele ya wote, akauweka hapo. Akaandika jina la babu yake.

Karatasi hiyo sasa imetundikwa dukani, juu ya magunia ya sukari, na wateja huisoma wakingoja chenji. Babu mwenyewe amekuja kuiangalia mara mbili. Ile picha ya kwanza mpwa wangu hakuichana. Aliigeuza, na upande wa pili akaandika orodha ya majina kumi na matatu na la bwana wa kofia, kwa mwandiko wake wa gredi ya pili, ili aipeleke shule zikifunguliwa.

Wazazi wenzangu, mkifanya mojawapo ya kazi hizi mjini au shamba, nileteeni habari. Na mtoto wenu akisema wale ni wapagazi tu, wavulimieni vijiti vyake kwa siku moja, kisha mpeni mzigo aubebe.

Wassalaam.